Turbo ya Rashidi kwenye Barabara ya Bugarama

Clarisse mwanangu,

Umeshuka mtaa wa Rohero kuwaaga wenzako, na baba yako amesinzia barazani. Nyumba imetulia. Sanduku lako liko karibu na mlango. Nimelifungua na kulifunga tena na tena bila kuweka wala kutoa kitu, mpaka nikajionea aibu, nikaja kukaa hapa mezani na kalamu.

Sitakuandikia habari za kufua na kupika. Ukisikia baridi utavaa sweta, ukisikia njaa utatafuta chakula. Hayo nimeyasema mwezi mzima, nawe umeyaitikia bila kuyasikiliza, kama nilivyofanya mimi kwa mama yangu. Nimechoka, mwanangu. Si uchovu wa leo tu. Ni ule wa miaka yote hii ya kulala tumevaa nguo za kutokea, tayari kukimbia, na kesho asubuhi ukiona sisemi sana, usidhani nimekasirika.

Nakuandikia kwa Kiswahili, mimi niliyefundisha Kifaransa maisha yangu yote. Huko uendako kusomea injini utafikiri kwa Kifaransa toka asubuhi hadi jioni. Lakini baba yako nilikutana naye kwenye gereji ya mtaa wa Jabe, na pale watu waligombana na kupatana kwa Kiswahili, awe Mrundi, awe Mkongomani, awe mtu asiyetaka kuulizwa katoka wapi. Kuna mambo ambayo nikiyaandika kwa lugha ya shule yanakuwa kama ya mtu mwingine.

Nataka kukujibu swali lako la Jumapili.

Tonton Rashidi, rafiki wa baba yako, alikuja kula nasi tulipotoka kanisani, ukaleta lile gazeti la magari ulilopewa na mwalimu wako. Ukatusomea kwamba watengenezaji wa magari ya mbio hawakubaliani. Wengine wanaweka turbo, wengine wanaikataa kabisa, wanataka injini ivute hewa yenyewe na kuzunguka kwa kasi mpaka ilie. Ukasema mwisho wa yote turbo itashinda, kwa sababu injini ndogo yenye turbo inatoa nguvu za injini kubwa. Rashidi akafurahi kama mtu aliyeshinda kesi. Akamtazama baba yako, akingoja waanze ule ugomvi wao wa zamani. Baba yako akaendelea kutoa miiba kwenye samaki wake wa mukeke. Ndipo ukanigeukia mimi.

"Mama, wewe umeendesha zote mbili. Ipi bora?"

Nikainuka kwenda jikoni kutafuta chumvi, na chumvi ilikuwa mezani.

Wewe unaijua gari nyeupe ya baba yako, umekua ukiiona. Hujui alivyoipata. Aliinunua ikiwa imegongwa upande mzima, kwa mgeni mmoja aliyekuwa anarudi kwao, akakaa nayo gerejini kila jioni mpaka ikasimama tena. Ni gari ya milango miwili, iko chini, na injini yake haina turbo. Wasemao Kifaransa wanaiita atmosferiki. Inavuta hewa kama mimi na wewe tunavyovuta, bila kusukumiwa. Rashidi, ambaye gereji ile ni yake na baba yako tangu wakiwa vijana, alipoona hivyo naye akatafuta yake. Ikaja kutoka Japani kupitia Dar es Salaam, nyekundu, na chini ya boneti ilikuwa na turbo.

Kabla ya vita, Jumapili asubuhi, wapenda magari wa mji huu walikuwa wanakutana kushindana. Mara walikwenda kwenye barabara ya Gatumba, tambarare, nyoofu, ziwa likiwa pembeni. Mara walipanda mlima kuelekea Bugarama. Mimi nilikuwa mwalimu kijana mwenye saa nzuri, wakaniomba niwapimie muda. Ndivyo nilivyoingia katika mambo haya. Baadaye baba yako alinifundisha kuendesha kwenye barabara hiyohiyo ya Gatumba, ndani ya gari nyeupe, na jambo la kwanza aliloniambia lilikuwa hili: ukiigusa, inaitika, hukai ukingoja. Ni kweli. Mguu wangu ukishuka kidogo, nayo inaongeza kidogo. Nikishuka sana, inaongeza sana. Nilikuwa sijawahi kutiiwa namna ile na kitu chochote, hata darasani.

Ya Rashidi ilikuwa na tabia nyingine. Utafundishwa vizuri zaidi ya hivi, lakini acha nikueleze kama nilivyoelezwa mimi. Kwenye turbo, moshi unaotoka kwenye injini hauachwi uende bure. Unazungusha kijigurudumu, na kijigurudumu hicho kinazungusha kingine, ambacho kinasukuma hewa ndani ya injini. Hewa ikiwa nyingi, mafuta nayo yanachomeka mengi, nguvu inakuja. Lakini lazima kwanza moshi uwe mwingi. Kwa hiyo unakanyaga, gari inakaa kimya kama haikukusikia, halafu ghafla inakupiga mgongoni. Baba yako alikuwa hawezi kuvumilia kile kimya. Alikuwa akimuuliza Rashidi gari gani hiyo inayofikiri kwanza. Rashidi alicheka, akangoja siku ya mlima.

Kwa sababu kule juu hewa ni nyepesi. Gari nyeupe inavuta ile iliyopo, na iliyopo ni kidogo, basi kila kona inazidi kuchoka. Nyekundu inajisukumia yenyewe, haijali sana. Gatumba baba yako alishinda, Bugarama Rashidi alishinda, na kila mmoja alirudi nyumbani akisema barabara yake ndiyo inayopima gari.

Kisha vita. Sina nguvu za kukusimulia vita, na sehemu kubwa umeiona kwa macho yako. Mitaa ikagawanyika, majirani wakahama au wakahamishwa. Jabe watu walibaki mchanganyiko kuliko kwingine, na gereji ikabaki. Magari mawili yakafunikwa na turubai. Wakati wa vikwazo vya biashara esansi, yaani petroli, ilikuwa ya kutafutwa kama dawa, hakuna aliyefikiria mbio. Baba yako na Rashidi walitengeneza makamyo ya mizigo, na makamyo ndiyo yaliyotulisha.

Siku ninayotaka kukuambia, ambayo umeisikia nusunusu, ulikuwa darasa la tano. Baba yako alikuwa amepanda Bugarama kutengeneza kamyo ya mboga iliyoharibika kule. Ilipowaka, wakateremka, kamyo mbili zikifuatana. Katikati ya njia watu wenye bunduki wakawapiga risasi. Kamyo ya mbele ikapita. Ya nyuma, alimokuwa baba yako, ikageuza na kurudi juu ikiwa na matundu. Dereva wa ile ya mbele alipofika mjini askari walimpa habari zilizotoka juu kwa redio, akaenda moja kwa moja Jabe akamwambia Rashidi habari za baba yako: Gaspard yuko hai, amepigwa paja la kushoto, wamemlaza kwenye dispansari ya Bugarama, kuna muuguzi mmoja tu, na damu haikatiki vizuri.

Rashidi alikuwa na malaria. Nilimwona kwenye mlango wa darasa langu, mchana wa jua kali, amevaa koti zito na meno yanagongana. Nilijua kabla hajafungua mdomo. Aliniambia amekwisha kupita hospitali kuomba gari la wagonjwa, wakamwambia hawapandi mpaka kesho na msafara wa askari. Barabara askari walikuwa wameifungua tena, lakini bariyeri, kile kizuizi cha askari cha kutokea mjini, ingefungwa jioni, kama kila siku.

Nikaacha wanafunzi na kitabu kikiwa wazi. Tulipita nyumbani. Ulikuwa unacheza kwa Mama Aline, jirani yetu, ukaniona nikibadilisha viatu, ukauliza naenda wapi. Nikasema sokoni.

Gerejini nilikwenda kuvua turubai la gari nyeupe, maana ndiyo niliyoijua. Rashidi akanishika mkono. Mkono wake ulikuwa wa moto.

"Apana, shemeji. Ile itachoka kule juu. Twende na yangu."

Nikamwambia sijawahi kuiendesha hata siku moja. Akasema anajua. Akasema angeendesha mwenyewe lakini haoni vizuri, anaiona barabara ikiwa mbili, ila mdomo wake bado unafanya kazi, basi atakaa pembeni anielekeze. Nikamwambia akae, ana watoto. Akaingia akafunga mlango.

Mwanangu, nimesikia watu wakisimulia ujasiri wao wa wakati wa vita, na mara nyingi natoka nje. Mimi sikuwa jasiri. Nilikuwa na hasira. Nilimkasirikia baba yako kwa kwenda, nikamkasirikia dereva kwa kupita, nikaikasirikia gari nyekundu kwa kuwa si nyeupe. Niliiendesha kwa hasira hiyo mpaka kona za kwanza za mlima, zile zinazorudi nyuma kama herufi U. Niliingia kona moja, nikakanyaga nikiwa ndani yake, kama nilivyozoea. Gari ikanyamaza. Nikakanyaga zaidi. Bado kimya. Na tulipokuwa katikati, nguvu yote ikaja kwa pamoja, nyuma ya gari ikateleza nje, nikaona mbele yangu hakuna barabara, ni vilele vya mikaratusi inayoota chini bondeni. Sijui nilifanya nini na usukani. Tulisimama tumekaa upande, gurudumu moja limetoka kwenye lami.

Rashidi hakupiga kelele. Alifuta jasho kwa mkono wa koti, akasema polepole:

"Shemeji, hii hauiombi wakati unahitaji. Unaiomba mbele. Kanyaga kabla kona haijaisha, kidogo tu, uishikilie. Ikija, ikukute uko tayari."

Nikarudisha gari barabarani. Nikajaribu. Kona iliyofuata nikaomba mapema mno, iliyofuata nikachelewa. Kisha mguu ukaanza kuelewa. Wale vijana wa baiskeli wanaoteremsha ndizi, ambao kwa kawaida unawakuta kila kona, siku ile hakuwepo hata mmoja, na huo utupu ndio ulionitisha kuliko kitu kingine. Tulipofika mahali palipopigwa risasi, kabichi zilikuwa zimetapakaa barabarani, nyingine zimepasuka. Rashidi akasema, "Hapa usipunguze." Nilikuwa nimekwisha kuiomba gari kabla ya kufika pale. Ikaja wakati uleule nilioutaka. Tulipita juu ya kabichi kwa kasi ambayo sijawahi kuipata tena maishani, mlima ukipanda, na injini ile haikuonyesha hata kidogo kwamba hewa imepungua. Gari nyeupe ingekuwa inahema. Nilijua hivyo palepale. Nikalia, na sikuacha kuendesha.

Bugarama kulikuwa na ukungu na baridi. Kwenye bariyeri askari mmoja kijana akatusimamisha, bunduki mbele, akaamuru nizime gari. Rashidi akainama dirishani akamsihi.

"Chef, tafadhali, iache iungurume kidogo. Imetoka kukimbia. Tukiizima sasa, mafuta yataungua ndani."

Ndivyo ilivyo kwa turbo. Ikitoka kwenye kazi nzito inakuwa nyekundu kama kaa la moto, na oili inayopita ndani ndiyo inayoipoza. Ukizima ghafla, oili inasimama palepale na kukauka kuwa kama masizi. Lakini mweleze hivyo mtu aliyesikia risasi tangu asubuhi. Askari alisema mara ya pili, na sauti yake ilikuwa inapanda kama ya mtoto. Nikageuza ufunguo. Rashidi akafumba macho. Alikuwa ameileta gari ile kutoka bandarini kana kwamba analeta bibi arusi, na alijua kilichokuwa kinatokea ndani yake, dakika baada ya dakika, wakati askari anasoma vitambulisho vyetu.

Baba yako tulimkuta amelala kwenye mkeka, rangi imemtoka. Muuguzi alikuwa amelifunga paja lake kwa shuka iliyochanwa na alisema wazi kwamba yeye amefika mwisho wa anachoweza. Tulimbeba. Kiti cha nyuma cha gari ile kilitengenezwa kwa ajili ya mikoba, si watu. Rashidi alijikunja kule nyuma na homa yake, akaweka kichwa cha baba yako mapajani, na mikono yake miwili akaikandamiza pale kwenye jeraha.

Gari ilipowaka, moshi wa buluu ukatoka nyuma, mwingi. Nilikanyaga, nikangoja lile pigo la mgongoni, halikuja. Turbo ilikuwa imekufa. Rashidi akaniambia nisiilazimishe, tunateremka, niiache itushushe kwa gia na nizitunze breki. Basi tulishuka mlima mzima hivyo, tukiacha moshi nyuma kama nyumba inayoungua. Nikafikiri kila mwenye bunduki mlimani anatuona. Pengine walituona, wakadhani sisi tumekwisha.

Njiani baba yako alizinduka. Akauliza gari ya nani. Rashidi akamwambia ni yake. Baba yako akasema, kwa sauti ya mtu anayeota, kwamba inanuka oili. Kisha akauliza nani anaendesha.

"Mama Clarisse," Rashidi akasema.

Baba yako hakusema tena neno mpaka hospitali. Nilidhani amezimia. Nilipoangalia kwenye kioo, macho yake yalikuwa wazi, yananitazama.

Askari wa bariyeri ya mjini walikuwa wanaiburuta ile nguzo waifunge, wakaona moshi unakuja, wakasimama nayo mikononi, tukapita. Daktari alisema saa nyingine moja tusingekuwa na mtu wa kumletea. Rashidi naye walimlaza, kitanda cha pembeni, na kwa siku kadhaa hakujua alipo.

Nilibaki hospitali mpaka asubuhi kwa sababu ya kuvre-fe, ile amri ya kutotoka usiku. Niliporudi ulikuwa umesimama kwenye geti la Mama Aline. Uliniuliza nimeleta nini sokoni. Halafu ukaangalia gauni langu, hukuuliza tena. Tangu siku ile nikisema naenda mahali, unauliza mahali gani, kwa nani, na nitarudi saa ngapi. Watu wanasema wewe ni mtoto wa maswali. Najua maswali hayo yametoka wapi. Nilidhani nakuondolea hofu, kumbe nilikuondolea nafasi ya kuniaga. Basi huko uendako, ukiniandikia, usiniambie uko sokoni. Ukiwa mgonjwa niambie u mgonjwa. Ukifeli mtihani niambie umefeli. Mimi ni mtu mzima, naweza kusimama getini nikajua ninachongoja.

Baba yako alipoanza kupata nafuu, nilingoja aseme neno. Nilikuwa nimejiandalia hata namna ya kulipokea. Alikuwa amekaa kitandani, jioni, namlisha uji, akaniuliza kwa upole:

"Ulikuwa na haki gani ya kupanda kule? Mungekufa wote, Clarisse angebaki na nani?"

Nikamuuliza kama alitaka nimwache. Akasema ndiyo.

Mimi ni mtu wa kujibu papo hapo, unanijua. Nilimjibu maneno ambayo sitayaandika hapa, yalikuwa makali na yalikuwa na ukweli ndani yake, na hayo ndiyo mabaya zaidi. Tangu hapo tukaishi kama wapangaji wenye adabu. Asante, karibu, umelala vipi. Ulikuwa mdogo, lakini nadhani ulisikia. Ilikuwa miezi mingi. Nilipoteza miezi hiyo nikingoja anishukuru, na yeye akingoja niombe radhi, na kila mmoja alikuwa na haki yake. Sasa nikiitazama naona tulikuwa tunasema jambo moja. Yeye alikuwa ameogopa kunipoteza, mimi nilikuwa nimeogopa kumpoteza. Hofu ya wote wawili ilitoka imevaa hasira. Ukiolewa na mtu, au ukiwa na rafiki tu, na akakufokea siku ambayo ulitegemea akukumbatie, ngoja kidogo kabla hujajibu. Siyo kwa sababu yeye ana haki. Ni kwa sababu inachosha sana kurudi kutoka mbali.

Kilichotutoa hapo ni turbo ya Rashidi. Baba yako alipoanza kutembea na mkongojo, alikuwa anashuka Jabe kila siku. Nilidhani anaenda kukaa tu. Siku moja nilipita nikamkuta ameketi kwenye tairi, turbo imefunguliwa vipandevipande juu ya kitambaa mbele yake, anakwangua oili iliyoungua kwa kisu kidogo, kwa subira kama ya mtu anayesafisha kidonda. Yeye, aliyeitukana turbo miaka yote. Alikwangua wiki baada ya wiki. Aliwaandikia watu wa Nairobi, watu wa Kigoma, kutafuta kipande kimoja cha ndani kilichopinda. Hakikupatikana. Mwisho Rashidi alimwambia aache, wakaifunga injini bila turbo, na mpaka leo gari nyekundu inatembea hivyo, polepole kuliko teksi. Rashidi hajawahi kuniambia neno juu yake. Si siku ile, si baadaye. Nami sikumshukuru mpaka mwaka uliofuata, kwa sababu nilikuwa sijui pa kuanzia, na nilipoanza alinikatiza akauliza kama kuna chai.

Jioni ya siku waliyoifunga, baba yako alirudi nyumbani, akaosha mikono kwa muda mrefu. Akasema Rashidi amemweleza nilivyozishika zile kona.

"Ulikuwa unakanyaga mapema?"

"Nilikuwa nakanyaga mapema," nikasema.

Akatikisa kichwa kukubali. Akakaa. Baadaye akaomba chumvi, nikampa, na vidole vyake vikabaki juu ya vyangu muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Ni hayo tu. Lakini usiku ule nililala.

Sasa unaelewa kwa nini Jumapili hakubishana na Rashidi. Atabishanaje na gari iliyomteremsha? Na unaelewa kwa nini mimi nilikwenda kutafuta chumvi. Ukitaka jibu langu, ni hili, na walimu wako wataliona si jibu. Gari nyeupe ni nzuri zaidi kuendesha. Hilo nitalisema mbele ya mtu yeyote. Ukiwa barabara ya tambarare na moyo umetulia, hakuna raha kama injini inayokuitika pale unapoigusa. Lakini ile nyekundu ndiyo iliyomleta baba yako nyumbani, na nyeupe isingefika kwa wakati. Nayajua yote mawili, na sijaweza kuyafanya yawe moja. Huko watakupa michoro ya nguvu na mizunguko, uichore vizuri, ufaulu. Ila mtu akikwambia kuna injini moja iliyo bora kwa kila mahali, muulize amekaa mlima gani.

Wala sitaki kukuambia kwamba watu ni kama injini. Nimesikia mahubiri ya kutosha katika maisha yangu. Magari ni magari. Nakuambia tu yaliyotupata, kwa sababu unakwenda kufanya kazi ya vitu hivi, na kuna watu wako waliokaa ndani yake.

Unasikia bunduki tena siku hizi, kule vilimani, na utakapokuwa huko utasoma habari zetu kwenye magazeti ukose usingizi. Hilo sina dawa yake. Wanasema mazungumzo yanaendelea. Wamesema hivyo tangu ukiwa mdogo. Usirudi kwa sababu ya hofu, na usikae huko kwa sababu ya hofu. Zaidi ya hapo sijui.

Neno la mwisho ni la kesho. Unajua tangu jeraha lile baba yako hajaendesha. Mguu wa kushoto hauna nguvu ya kusukuma klachi. Nilikuwa nimepanga na teksi. Lakini leo, ulipotoka tu, aliniomba funguo za gari nyeupe. Nikamwambia asifanye mchezo. Akasema mtoto wake hapelekwi aeropor kupanda ndege na mtu wa kulipwa. Tulizunguka mtaa wetu wote wa Mutanga, mimi pembeni, na gari ilimzimikia mara nyingi, kila kona, majirani wakitoka kutazama. Shati lake lililowa. Mimi ni mtu wa kujibu papo hapo, lakini sikusema kitu. Alirudi amechoka sana ndiyo maana amelala sasa hivi, mdomo wazi, funguo bado ziko mkononi.

Basi kesho kaa mbele, karibu naye. Itamzimikia, hasa pale kwenye mteremko wa kutokea hapa kwetu, na magari ya nyuma yatapiga honi. Usimwambie kitu, usimwonee huruma, usiangalie saa. Tazama dirishani. Mwache aiwashe mwenyewe.

Ni mimi, mama yako Godeliva.